Tatizo Si Bosi Mkali Wala Bosi Mpole, Ni Bosi Asiyekuwepo

Septemba 2024 Paul Graham, mwekezaji wa Marekani anayesikilizwa sana na wenye kampuni changa, alichapisha insha fupi kuhusu namna waanzilishi wa kampuni wanavyoongoza. Aliiandika baada ya kumsikia Brian Chesky, mmoja wa waanzilishi wa Airbnb, kampuni ya kukodisha malazi kwa wasafiri, akieleza yaliyomkuta: kampuni ilipokua, washauri walimwambia aajiri watu wazuri kisha awaachie nafasi wafanye kazi yao. Akafanya hivyo, mambo yakaenda mrama. Mwezi huohuo Andy Jassy, mkuu wa Amazon, aliwaandikia wafanyakazi waraka wenye mambo mawili makubwa: kurudi ofisini siku tano kwa wiki kuanzia Januari 2025, na vitengo kuongeza kwa angalau asilimia 15 idadi ya wafanyakazi wasio mameneja kwa kila meneja kabla robo ya kwanza ya mwaka 2025 haijaisha. Kule Meta, kampuni mama ya Facebook, mkuu wake Mark Zuckerberg alikuwa ameanza kupunguza ngazi za mameneja tangu 2023. Ukiyaweka haya pamoja unapata hadithi rahisi na tamu: enzi ya bosi mpole imekwisha, mkono wa chuma umerudi, na meneja anayeanza kikao kwa kuuliza "mnaonaje?" amepitwa na wakati.

Naona tumeisoma hali hii vibaya. Kilichomkwamisha Chesky, kwa maelezo yake mwenyewe, hakikuwa upole. Hakusema kwamba aliwasikiliza watu kupita kiasi au aliwajali mno. Alisema alikaa mbali na kazi. Hilo ni jambo jingine kabisa, na taaluma ya uongozi imelipa jina lake tangu kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Tukiendelea kubishana kuhusu ukali na upole, tutakosa kuiona hatari iliyo mbele yetu, kwamba mageuzi haya yanayosifiwa kuwa yanarudisha uongozi imara yanaweza kuzalisha kwa wingi aina ya bosi aliye mbaya kuliko wote wawili, yaani yule asiyekuwepo.

Turudi Iowa, mwishoni mwa miaka ya 1930. Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyeihama Ujerumani Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, alikuwa na swali lililomgusa binafsi: hivi tabia ya kiongozi inaweza kubadilisha tabia ya kundi zima? Yeye na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White wakaunda vikundi vidogo vya wavulana wa takriban miaka 10, wanaokutana baada ya masomo kutengeneza vitu kama vinyago vya kuvaa usoni. Katika vikundi vingine mtu mzima aliamua kila kitu: nani afanye nini na nani, kwa hatua moja moja, bila kueleza hatua inayofuata, na sifa au lawama zake zikimlenga mtoto badala ya kazi. Huo ukaitwa uongozi wa kiimla. Katika vingine kiongozi alieleza safari yote tangu mwanzo, akawaacha watoto wagawane kazi na wachague wa kushirikiana naye, akatoa ushauri penye kukwama. Huo ndio wa kidemokrasia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1939 yanasimuliwa mpaka leo kwenye kila darasa la menejimenti. Chini ya imla watoto walifanya kazi sana kiongozi akiwa amesimama pale. Alipotoka chumbani kwa muda, kazi ililegea. Paka akiondoka panya hutawala, ndivyo ilivyokuwa. Baadhi ya vikundi hivyo vilijaa ugomvi, vingine vikapoa kabisa, watoto kimya na wasiojali. Kwenye vikundi vya kidemokrasia, kiongozi alipotoka, kazi iliendelea.

Watu wengi huishia hapo. Lakini kwangu mimi sehemu iliyo muhimu zaidi ya jaribio lile ni mtindo wa tatu, ambao haukuwa kwenye mpango wa awali. White, alipokuwa akijaribu kuongoza kidemokrasia, aliwaachia wavulana mno. Hakuweka mpaka, hakuuliza, hakuelekeza, na kikundi kikaanza kusambaratika. Lewin alipotazama aligundua kwamba ile haikuwa demokrasia iliyofanywa vibaya, bali kitu kingine. Wakakiita uongozi huria, wakaanza kukichunguza peke yake. Matokeo yake yalikuwa mabaya: kazi kidogo, isiyo na ubora, na watoto ambao hawakufurahia uhuru wao kama walivyofurahia wenzao wa kikundi cha kidemokrasia. Angalia namna kosa hilo lilivyotokea. Mtu mwenye nia njema, aliyeamini anawapa watu nafasi, aliteleza kutoka demokrasia hadi kutokuwepo bila yeye mwenyewe kutambua, hadi mtu wa nje alipomwonyesha. Miaka zaidi ya 80 baadaye, mkuu wa kampuni ya mabilioni ya dola anasimulia jambo lilelile, na wasikilizaji wanalipokea kama ushahidi kwamba demokrasia kazini imeshindwa.

Mkanganyiko huu unatokana na picha tuliyonayo kichwani, ya kamba moja yenye ncha mbili. Ncha moja ukali, nyingine upole, na kila meneja yuko mahali fulani katikati, akivutwa huku unaogopa atakuwa dikteta, akivutwa kule unaogopa atapandwa kichwani. Picha hii ilivunjwa zamani. Kuanzia 1945, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walikusanya karibu kauli 1,800 zinazoelezea mambo ambayo viongozi hufanya, wakazichuja hadi 150, kisha wakawauliza watu walio chini ya viongozi hao ni mara ngapi wanaona kila jambo. Majibu yalipochambuliwa yalijikusanya kwenye mafungu mawili makubwa. La kwanza lilihusu kupanga kazi: kueleza kinachotakiwa, kugawa majukumu, kuweka viwango na muda. La pili lilihusu kujali watu: kusikiliza, kuheshimu, kutetea, kueleza sababu za uamuzi. Jambo kubwa ni kwamba mafungu hayo hayakuwa ncha mbili za kamba moja. Zilikuwa kamba mbili. Bosi anaweza kuwa juu kwenye zote, chini kwenye zote, au juu kwenye moja tu. Kinyume cha kujali hakikuwa kupanga, kilikuwa kutojali. Mwaka 1964 Robert Blake na Jane Mouton waligeuza wazo la namna hiyo kuwa jedwali la mraba lenye vyumba 81, na kwenye kona yake ya chini kabisa kushoto, pale pasipojaliwa kazi wala mtu, wakamweka bosi aliyejiondoa. Kona hiyo haizungumzwi sana. Tunabishana kuhusu kona mbili nyingine.

Ushahidi wa namna kamba hizo mbili zinavyofanya kazi pamoja ulitoka kwenye kiwanda cha malori, si kwenye chumba cha watoto. Edwin Fleishman na Edwin Harris walichunguza manyapara 57, wakahesabu malalamiko rasmi ya wafanyakazi walio chini yao na wangapi walikuwa wakiacha kazi. Matokeo yao ya mwaka 1962 yanastahili kusomwa polepole. Nyapara asiyejali watu alikuwa na malalamiko mengi, awe amebana kazi au ameilegeza. Nyapara anayejali sana aliweza kubana viwango na ratiba na malalamiko yasiongezeke kwa kiasi cha kutisha. Kwa maneno mengine, watu walewale, kazi ileile, amri ileile ya "hii imalizike leo", ilipokewa tofauti kutegemea nani anaisema na amekuwa akiwatendea vipi. Mtu anayejua bosi wake anamjali huisikia amri kama taarifa ya kazi. Asiyejaliwa huisikia kama tusi jingine.

Kwa macho ya karibu, hali hizi zinatambulika kwa urahisi. Meneja anarudisha ripoti na kusema: "Naihitaji Alhamisi saa nane. Hesabu za sehemu ya tatu hazijakaa sawa. Nini kimekukwamisha?" Hapo kuna muda, kuna kiwango, kuna mtu anayeulizwa. Je, huyo ni mkali au mpole? Swali lenyewe halina maana. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na bosi aliyekuwa akijibu kila ripoti yangu kwa neno moja tu, "sawa". Miezi minane ya "sawa". Kisha ikaja tathmini ya mwaka iliyosema sijafikia matarajio. Hakuwa mkali hata siku moja, na wenzangu waliokuwa vitengo vingine walinionea wivu kwa kuwa na bosi asiyesumbua. Nilijifunza kwake kwamba mtu anaweza kuumizwa kazini na mtu ambaye hajawahi kumpandishia sauti.

Walio upande wa mkono wa chuma wana hoja ambazo hazipaswi kupuuzwa. Kuna wakati amri ndiyo njia sahihi: moto unawaka, mgonjwa anavuja damu, mfumo wa malipo umezima. Victor Vroom na Philip Yetton mwaka 1973 walipendekeza kwamba kabla ya kuchagua namna ya kuamua, kiongozi ajiulize maswali machache: taarifa ziko kwa nani, ubora wa uamuzi una uzito gani, na je, watu watautekeleza hata kama hawakushirikishwa? Kwa majibu fulani, kuamua peke yako ni halali kabisa, na kuitisha kikao ni kupoteza muda wa watu. Pia ni kweli kwamba wapo mameneja waliojificha nyuma ya ushirikishwaji ili wasiwajibike kwa uamuzi wowote. Hata uchambuzi mkubwa wa Timothy Judge na wenzake wa mwaka 2004, uliojumlisha tafiti nyingi za tabia hizi mbili, ulikuta kwamba zote zina uzito. Kwa kipimo ambacho 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili, kujali watu kulikuwa na uhusiano wa takriban 0.48 na matokeo ya uongozi kwa jumla, na kupanga kazi takriban 0.29. Kujali kulionekana zaidi kwenye kuridhika na ari ya watu. Anayedhani upole peke yake unatosha hapati msaada hapo, kwa sababu kwenye utendaji wa kundi, kupanga kazi hakukuwa nyuma.

Hoja dhaifu ni ile inayopendwa kuliko zote: kwamba fulani alikuwa mkali, akitukana watu kwenye lifti, na kampuni yake ikawa kubwa kuliko zote, kwa hiyo ukali ndio siri. Kwanza, hatuwahesabu wakali waliozifilisi kampuni zao, maana hakuna anayeandika wasifu wao. Pili, na hili ni zito zaidi, tunadhani mtindo wa bosi ndio unaozaa matokeo, kumbe mara nyingi ni matokeo yanayozaa mtindo. Mwaka 1968 Aaron Lowin na James Craig walifanya jaribio ambalo natamani kila mwanafunzi wa menejimenti alijue. Waliwaweka watu kwenye nafasi ya kusimamia kazi za ofisini, kila mmoja akiwa na mfanyakazi chini yake. Msimamizi hakujua kwamba mfanyakazi huyo ameelekezwa ama afanye kazi vizuri ama aboronge. Waliopata mfanyakazi anayeboronga waligeuka kuwa wafuatiliaji wa karibu, wenye maagizo mengi na utu mchache. Waliopata hodari walikuwa waungwana. Hawa wote walikuwa watu wa kawaida waliogawanywa katika makundi na watafiti. Kwa hiyo ukiona timu inayofanya vizuri ina bosi mwungwana, usiharakishe kusema uungwana ndio uliozaa ufanisi. Na ukiona bosi mkali, uliza kwanza amekabidhiwa nini.

Jaribio hilo linawakata pia watu wa upande wangu, wanaopenda semina za uongozi wa kiutu. Kabla ya utafiti wake wa malalamiko, Fleishman alichunguza kama mafunzo humbadilisha bosi. Manyapara wa kampuni ya International Harvester walipelekwa kwenye shule ya mafunzo Chicago, wakafundishwa kuhusu mahusiano na watu, na walipopimwa mwishoni mwa mafunzo kweli mitazamo yao ilikuwa imebadilika kuelekea kujali zaidi. Wakarudi kiwandani. Baada ya muda, tofauti kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa haikuonekana tena kwa namna ya kuaminika. Kilichotabiri tabia ya nyapara kuliko mafunzo ni tabia ya bosi wake mwenyewe. Aliyerudi kwa mkubwa anayejali aliendelea kujali; aliyerudi kwa mkubwa asiyejali aliacha yale aliyofundishwa, kwa kuwa yalikuwa yanamgombanisha na yule anayeshikilia kupanda kwake cheo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1953. Bado tunawatuma mameneja wa ngazi ya kati kwenye kozi za siku tatu huku wakubwa wao wakibaki ofisini, kisha tunashangaa kwa nini hakuna kilichobadilika.

Sasa turudi kwenye kupunguza ngazi za mameneja. Wanaoitetea hatua hiyo wana sababu za maana. Jassy katika waraka wake alilalamikia vikao vya kujiandaa kwa vikao vya kujiandaa kwa kikao cha uamuzi, na yeyote aliyefanya kazi kwenye taasisi kubwa anajua hakutia chumvi. Ngazi nyingi huchuja habari mbaya zisifike juu. Zaidi ya hapo, kuna nadharia inayowaunga mkono: Steven Kerr na John Jermier mwaka 1978 walionyesha kwamba baadhi ya mambo yanaweza kushika nafasi ya kiongozi. Utaalamu wa kina, kazi inayojieleza yenyewe, kundi lililoshikamana, taratibu zilizo wazi. Penye hayo, bosi wa kutoa maelekezo huwa mzigo. Daktari bingwa hahitaji mtu wa kumsimamia mkono. Hiyo ndiyo hoja bora ya upande huo, nami naikubali. Tena asilimia 15 peke yake si janga. Meneja aliyekuwa na watu saba atakuwa na wanane.

Shida ni kwamba mgawanyo hauwi sawa hivyo, na kwamba vile vitu vinavyoshika nafasi ya kiongozi havijitokezi vyenyewe siku meneja anapoondolewa. Mtu aliyeajiriwa mwezi uliopita hana utaalamu wa kujiongoza. Timu iliyoundwa upya baada ya kupunguza wafanyakazi haijashikamana. Chukua hesabu ndogo: meneja mwenye watu saba akimpa kila mmoja nusu saa ya mazungumzo kwa wiki, anatumia saa tatu na nusu. Akiunganishiwa timu mbili nyingine akawa na watu 20, ni saa 10, robo nzima ya wiki ya saa 40, kabla hajajibu barua pepe hata moja. Hatafanya hivyo. Atahamia kwenye takwimu za kwenye skrini na ujumbe wa jumla wa Jumatatu asubuhi. Atasema anawaamini watu wake, na pengine anawaamini kweli. Mtazamaji wa nje angeona kile ambacho Lewin alikiona alipomtazama White. Na athari zake zinapimika: katika uchambuzi mwingine wa Judge, aliofanya na Ronald Piccolo na kuchapisha mwaka huohuo wa 2004, uongozi huria ulikuwa na uhusiano hasi wa takriban 0.37 na matokeo ya uongozi. Haukuonekana kuwa kukosekana tu kwa kitu kizuri. Ulikuwa na madhara.

Hapo ndipo mageuzi haya yanapojipinga. Insha ya Graham inamsifu kiongozi anayezama kwenye kazi na kuongea na watu bila kujali ngazi. Anamtaja Steve Jobs aliyekuwa akiwakusanya kila mwaka watu 100 aliowaona muhimu zaidi Apple, ambao hawakuwa watu 100 wenye vyeo vikubwa zaidi. Huo ni ukaribu. Lakini watu 100 ni wachache kwenye kampuni yenye maelfu. Wengine wote ukaribu wao unategemea meneja wa ngazi ya kati, na huyo ndiye anayeondolewa au kuongezewa watu hadi asiweze kuwajua. Mkuu anasogea karibu na kazi anayoipenda; mfanyakazi wa ngazi ya chini anabaki na bosi aliyeko mbali kuliko mwanzo. Mtafiti Amy Edmondson, alipochunguza makosa ya dawa hospitalini katika utafiti aliouchapisha mwaka 1996, alikuta vitengo vyenye uongozi bora viliripoti makosa mengi zaidi, na maelezo aliyoyafikia ni kwamba huko wauguzi walithubutu kusema. Kosa linahitaji mtu wa kuambiwa. Kwenye kampuni iliyopunguza ngazi za mameneja, ukurasa wa makosa ukiwa mtupu, mkuu aliye juu atausoma kama habari njema.

Kwa hiyo bodi inayoletewa mpango wa kupunguza ngazi isipoteze jioni nzima ikijadili kama mkurugenzi mpya awe mkali au mshirikishaji. Ichukue orodha ya majina, ipite mtu mmoja mmoja, iulize: huyu akikwama Jumanne, nani atajua kabla ya Ijumaa? Nani amepewa saa za kufanya hivyo, na ni kazi gani imeondolewa mezani kwake ili azipate? Je, mkubwa wa meneja huyo naye hupimwa kwa jambo hilo, au hupimwa kwa gharama alizopunguza tu? Matangazo ya mageuzi haya hutaja asilimia, tarehe ya mwisho na fedha zitakazookolewa. Sijaona hata moja linaloeleza watu waliobaki bila meneja wamehamishiwa kwa nani, na kama huyo mtu ameshawahi kukaa nao.